Vinara vya Paa: Maoni juu ya Sehemu Moja ya Ujenzi Wetu

Mgeni anayefika Mji Mkongwe wa Unguja huonyeshwa milango. Huelezwa habari za misumari ya shaba, za minyororo iliyochongwa kwenye miimo, za samaki na majani ya mtende, na akiondoka huondoka na picha za milango. Hatuna ugomvi na desturi hiyo, kwani milango yenyewe yastahili sifa zake. Lakini ni nadra mgeni, au hata mwenyeji, kuambiwa ainue kidevu atazame kilichosimama juu ya paa. Katika makala haya twakusudia kufanya hivyo: kutazama vijumba, vikuba na vinara vidogo ambavyo waashi wa zamani na wa sasa wameviweka juu ya nyumba, na kuuliza swali ambalo mhakiki wa ushairi huuliza juu ya ubeti wa mwisho. Je, hiki kilicho juu kimeota kutokana na kilicho chini yake, au kimebandikwa?

Huenda mwalimu wa fasihi akashangaa kuona nyumba ikihakikiwa kama utenzi. Tumezoea kuwapa wanafunzi wetu riwaya, tamthilia na diwani, na kuwaachia majengo wahandisi na mafundi. Hata hivyo riwaya ikimchosha msomaji aweza kuifunga na kuirudisha rafuni. Jengo baya halifungwi. Mwananchi hulipita asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, apende asipende, na wanawe hulirithi. Kwa hiyo, kama ipo kazi ya sanaa inayohitaji kusemwa kwa uwazi na watu wa kawaida, basi ni hii.

Tuweke mipaka kwanza. Hatutasema habari za minara iliyosimama peke yake kwenye njia panda, kama Mnara wa Saa wa Arusha, wala za minara mikubwa ya makanisa na misikiti, ambayo ni majengo kamili yenye sheria zake. Tunachotazama ni kile kidogo kilichobebwa na nyumba. Kwa kukosa jina lililo bora zaidi, tumekiita kinara cha paa. Neno lenyewe lina faida. Mnara ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na huko shina lake ni moja na lile la nuru. Maana yake ya asili ni mahali pa kuwekea taa. Kinara nacho, katika nyumba zetu, ni kile kinachosimamisha mshumaa. Basi lugha imekwisha kutuambia jambo: mnara hauinuliwi kwa ajili ya kimo chake, bali kwa ajili ya kitu kinachotoka humo na kuwafikia walio mbali.

Mfano wetu wa kwanza ni wa kale, nao uko Kilwa Kisiwani. Upo pale msikiti mdogo wa karne ya 15 ambao wataalamu wa mambo ya kale huuita Msikiti Mdogo wa Kuba. Umegawanyika ndani katika vyumba tisa vya mraba, vitatu kwa vitatu, vilivyofunikwa kwa kuba na matao ya chokaa na matumbawe. Bakuli za kigeni, zilizoletwa na biashara ya bahari, zilipachikwa katika dari kuwa pambo. Na juu ya kuba ya katikati waashi walisimamisha nguzo ya pembe nane. Nguzo hiyo haina kengele, haina taa, haina ngazi. Muadhini hakuipanda. Mtu anayependa kupima kila kitu kwa faida aweza kusema ni kazi bure.

Sisi hatusemi hivyo. Tazama mahali iliposimama. Haikuwekwa mbele ili kumpendeza mpita njia, wala pembeni ili kutimiza ulinganifu wa sura. Imesimama pale pale ambapo ndani ya msikiti ndipo penye kitovu, juu ya chumba cha tano ukihesabu kutoka upande wowote. Anayeitazama kutoka nje, kabla hajavuka kizingiti, amekwisha kuambiwa ndani kumepangwaje. Hilo ndilo pambo lisemalo kweli. Na tukumbuke kwamba misikiti mingi ya zamani ya mwambao wetu haikuwa na minara kabisa. Mwadhini alipanda juu ya paa akaadhini. Mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela, kule Lamu, ulio kama pia iliyopinduliwa, ni wa mwaka 1829 tu. Waashi waliokuwa wagumu namna hiyo katika kuinua minara, walipoinua kinara kimoja hawakukiinua kwa mchezo.

Kutoka Kilwa twende Unguja, kwenye kinara kilichojulikana kuliko vyote, nacho hakipo tena kama kilivyokuwa. Tunasema juu ya mnara wa saa wa Beit al-Ajaib.

Jumba lile lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Lilikuwa jumba la fahari na la maonyesho: kumbi pana zilizozunguka ua wa ndani, roshani zilizobebwa na nguzo za chuma cha kusubu, na baadaye umeme na lifti, mambo ambayo watu wa mji walikuwa hawajayaona, ndipo likaitwa jumba la maajabu. Picha za zamani zinaonyesha kwamba jumba lenyewe halikuwa na mnara usoni. Mnara ulikuwepo, lakini ulisimama peke yake mbele ya majumba ya kifalme, ukielekea bahari, nao ulikuwa na taa ya kuongoza vyombo. Yaani mwashi wa Barghash alikuwa amevitenga vitu viwili: nyumba ni nyumba, na taa ya mabaharia ni taa ya mabaharia. Jumba lilitandaza roshani zake kwa upana bila ya kitu chochote kuzikata katikati.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kombora eneo la majumba hayo, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa ameshika kiti bila idhini ya Uingereza. Vita vile havikutimia saa moja. Watu wapatao mia tano wa upande wa ikulu waliuawa au kujeruhiwa, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kuwa Sultani siku ile ile. Beit al-Hukm ikabomoka. Mnara wa taa ukaharibika hata ukaondolewa. Beit al-Ajaib yenyewe ilisalimika kwa sehemu kubwa. Mwaka uliofuata, 1897, katika kazi ya kutengeneza palipoharibika, mnara mpya wenye saa ulijengwa, na safari hii haukusimama peke yake: uliunganishwa na uso wa jumba, katikati, ukapasua mstari wa roshani na kutokeza juu ya paa.

Hapa uhakiki hauna budi kusimama kidogo. Kwa macho ya sanaa tupu, mnara wa 1897 ulikuwa na kasoro. Jumba la Barghash lilikuwa limelala kwa upana, likipokea upepo wa bahari kwa mistari mirefu ya roshani. Mnara ulilivuta juu kwa nguvu, kama mtu anayemshika mwenzake ukosi. Umbo lake lilikuwa la ofisi za mji wa Ulaya kuliko la jumba la pwani. Na haikuwa sadfa, kwani baadaye jumba lilifanywa kweli kuwa ofisi za serikali ya kikoloni. Jumba lililokuwa likitazama bahari lilipewa uso wa kutazama saa.

Lakini uhakiki wa nyumba ukiishia hapo unakuwa nusu. Kinara hakihukumiwi siku ya kuzinduliwa tu. Kwa muda wa miaka 123 mnara ule uliwahudumia watu ambao hawakuhusika na makombora wala na ofisi. Nahodha wa jahazi aliutafuta kwa macho akitoka Bagamoyo. Mchuuzi wa Forodhani alipanga biashara chini ya kivuli chake. Mapinduzi ya 1964 yalipokuja, mnara haukung'olewa. Ulibadilisha wenyewe kama kiti kinavyobadilisha mkaaji. Na saa, hata ikiwa imetengenezwa na nani, hupita mikononi mwa Mswahili ikawa ya Kiswahili. Mtoto wetu akitazama uso wa saa na kuona mshale mfupi umeelekea tatu, hutamka saa tisa bila kusita, kwa sababu amefundishwa kusoma upande wa pili wa duara, na kuhesabu siku tangu jua linapochomoza. Hajapata kutokea mtawala aliyeweza kumzuia kusoma hivyo. Twaliona hilo kuwa jambo zuri kuliko mapambo yote ya mnara wenyewe.

Tarehe 25 Desemba 2020, wakati jumba likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka, mnara ukaanguka pamoja nayo. Watu wawili walikufa. Tutarudi kwenye kifusi hicho, lakini kwanza inafaa tuone vinara vingine, ili tusije tukauhukumu mnara mmoja kwa mizani ya mnara huo huo.

Dar es Salaam, ukitembea kando ya bahari kuelekea kaskazini mwa Ikulu, utafika kwenye jengo la zamani la hospitali ya Ocean Road, ambayo sasa ni taasisi ya tiba ya saratani. Wajerumani walilimaliza mwaka 1897, mwaka ule ule wa mnara wa Unguja. Juu yake kuna vinara viwili vyenye kuba, vyeupe, vizuri kwa kweli. Ukiviona kwa mbali wadhani ni vya nyumba ya tajiri wa Kiswahili au Kiarabu. Wanafunzi wetu wa sanaa huvichora mara nyingi nasi hatuwalaumu. Ila tunawaomba wajue kwamba hospitali hiyo ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyopatikana kwa mali aliyoitoa mfanyabiashara Sewa Haji. Basi kuba zile zilisema kwa sauti ya pwani, na mlango chini yake ukawakatalia watu wa pwani. Mashairi ya namna hiyo tunayafahamu: lugha tamu, na msemaji hayumo. Ukweli ni kwamba leo, baada ya mlango kufunguliwa kwa kila mgonjwa, vinara vile vimekuwa vya kweli zaidi kuliko vilivyokuwa siku vilipopakwa chokaa kwa mara ya kwanza.

Juu ya majengo ya Sinclair hatutasema mengi. Mwingereza huyo, aliyekuwa mtawala na msanifu majengo kwa pamoja, aliijaza Unguja kuba na matao katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mahakama Kuu ya Vuga na Beit el Amani, iliyofunguliwa mwaka 1925, ni baadhi ya kazi zake. Alikuwa na jicho jema na alijua uwiano. Lakini kuba zake hazitokani na Kilwa wala na Lamu. Alizikusanya kutoka nchi mbalimbali za Kiislamu, akaturudishia kana kwamba ni zetu. Mwanafunzi azipende akitaka, mradi asiziite za jadi.

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu kuna kinara kimoja ambacho kinatufundisha zaidi ya hivyo vyote, nacho kina damu yetu ndani yake. Katika miji ya zamani ya Ghuba, hasa Dubai, nyumba za wafanyabiashara zilikuwa na minara ya upepo juu ya paa. Wafanyabiashara wengi waliojenga mtaa wa Bastakiya walitoka Uajemi, eneo la Bastak, nao walikuja na ufundi huo. Nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum kule Shindagha, yenye minara ya namna hiyo, ni ya mwaka 1896, mwaka ambao Unguja ilikuwa ikipigwa kombora.

Mnara wa upepo ni bomba la mraba lililo wazi juu kwa pande zake nne. Ndani yake kuta mbili nyembamba hukatana mshazari, zikaligawa bomba katika njia nne. Upepo ukivuma kutoka upande wowote hugonga ukuta wa ndani, ukakosa pa kupita, ukashuka chini hadi chumbani alipokaa mtu. Upande wa pili, ule uliokingwa na upepo, hewa ya moto hunyonywa ikapanda na kutoka. Usiku usipokuwa na upepo, joto la chumba hupanda lenyewe kwa njia hiyo hiyo. Hakuna mashine wala mafuta. Na ukiutazama mnara kutoka nje utaona vichwa vya boriti vimejitokeza kila upande. Boriti hizo hushikilia kuta, na fundi wa kukarabati huzikanyaga akipanda.

Boriti za majengo hayo zilitoka wapi? Ghuba haina misitu ya namna hiyo. Zilikatwa katika mikoko ya mwambao wetu, Rufiji na Lamu, zikasafirishwa kwa majahazi yaliyorudi na kusi. Upana wa vyumba vya kule, kama ule wa vyumba vya Mji Mkongwe na vya Lamu, ulifuata urefu wa boriti ambao ni kiasi cha mita tatu, kwa kuwa mti wenyewe hauruhusu zaidi. Kwa hiyo mnara wa upepo wa Dubai ni kazi ya fikra ya Uajemi na ya shoka la Mrufiji. Katika vitabu vyenye picha nzuri za minara ile, mwenye shoka hatajwi. Walimu wa historia wangefanya vyema kumtaja.

Mtu aweza kuuliza kwa nini sisi, tulioitoa boriti, hatukujenga minara kama hiyo. Twadhani jibu limo katika hali ya hewa yetu. Kwetu kaskazi na kusi havihitaji kukamatwa. Vinakuja vyenyewe kwa miezi, na kazi ya nyumba ni kuviachia njia. Ndiyo maana ya ua, ya roshani, ya madirisha yanayotazamana. Na ndiyo maana ya paa tambarare la chokaa lililokuwa mahali pa kukaa jioni. Juu ya baadhi ya mapaa hayo, Unguja na Lamu, watu walijenga kijumba kilicho wazi pande zote, chenye nguzo na kifuniko cha makuti au mabati. Wanawake ambao desturi iliwanyima barabara walipata pale upepo, anga na habari za mji kutoka paa hadi paa. Masika yalipoleta uvujaji, mapaa mengi yalifunikwa mabati na maisha ya juu yakapungua. Katika vinara vyote tulivyovitaja, hicho kijumba cha nguzo nne ndicho tunachokipenda zaidi. Si kirefu, hakina nakshi nyingi, na aliyekijenga hakuweka jina. Kimejengwa kwa kipimo cha mtu aliyekaa.

Na leo? Panda ghorofa yoyote ya Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza, utazame. Kinara cha zama zetu ni tangi la maji, jeusi, la plastiki, limekalishwa juu ya jukwaa la zege. Liko pale kwa sababu mbili ambazo kila mwenye nyumba anazijua: maji ya bomba hayaji kila siku, na yakihifadhiwa juu hushuka yenyewe. Mwalimu wa fizikia ataongeza kwamba kila mita 10 za kimo hutoa kanieneo inayokaribia ya angahewa moja, na kwa hiyo kimo cha tangi si anasa. Hiki ni kinara cha kweli kabisa. Kinasema juu ya maisha ya walio chini yake kuliko hotuba. Kosa letu ni kukionea haya. Wasanifu wetu huchora jengo zuri lisilo na tangi, kisha mwenye jengo huja na tangi lake akaliweka anapoweza, na jengo likaharibika sura. Kumbe mwashi wa Kilwa alijua kwamba kitu kitakachosimama juu ya paa hupangiwa nafasi tangu msingi.

Kibaya zaidi ni kwamba mwenye nyumba huyo huyo, aliyelificha tangi nyuma, mara nyingi hutoa fedha nyingi kujenga mbele kijinara cha duara chenye kofia ya mabati ya rangi. Ndani hakuna ngazi. Dirisha lake halifunguki. Hakipokei upepo, hakihifadhi maji, hakikalishi mtu. Tumevihesabu vya namna hiyo katika mtaa mmoja mpaka tukachoka. Hatusemi pambo ni dhambi. Tulikwisha kuitetea nguzo ya Kilwa. Tunasema kwamba nguzo ile ilieleza nyumba iliyo chini yake, na kijinara hiki kinaeleza picha ambayo mwenye nyumba aliiona kwingine.

Turudi sasa Forodhani. Juu ya mnara ulioanguka mwaka 2020 yaweza kusemwa kwamba haukuwa wa jumba la 1883, kwamba uliletwa na mwaka wa aibu, na kwamba jumba bila mnara lingerudi kuwa la Barghash. Yaweza kusemwa vilevile kwamba watu wa mji hawajui jumba jingine ila lile lenye mnara, na kuwanyima ni kuwaibia kumbukumbu. Sisi, pamoja na kasoro tulizozitaja, tuko upande wa pili. Mnara ulistahili nafasi yake kwa utumishi, si kwa nasaba. Lakini kutokana na hayo hayo, mnara wenye umbo la zamani tu na uso wa saa uliopakwa rangi hautoshi. Huo utakuwa ndugu wa vile vijinara vya mtaani. Saa iwe na mashine inayokwenda, na awepo mtu aliyeajiriwa kuitia ufunguo na mafuta. Ngazi iwe ya kupandika, na siku maalumu ziwekwe kwa ajili ya shule. Pale juu mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi njia ya majahazi, mapaa ya mabati ya Mji Mkongwe, matangi meusi ya Michenzani, na mahali uliposimama mnara wa taa wa Barghash kabla ya asubuhi ile ya Agosti 1896.